Masikio Mazima

Kabla sijafumbua macho nilisikia kisu kikinolewa. Kilipita juu ya jiwe kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, kikaenda, kikarudi, kikatulia kidogo jiwe litemewe mate, kisha kikaanza tena. Nililala nikisikiliza. Nilidhani kuna mgeni anakuja, na baba mdogo anataka kuchinja jogoo. Nilifurahi. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo asubuhi ile, mwalimu mwenye cheti, mwenye miaka ishirini na mmoja: niliwaza mchuzi.

Jogoo hakuchinjwa. Kisu kilikuwa cha masikio ya ng'ombe wa mama mdogo.

Nilikuwa nimepangiwa shule ya msingi ya kijiji kimoja kilicho mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Ushirombo. Mdogo wake mama yangu alikuwa ameolewa kijijini hapo, kwa hiyo nilipewa chumba nyumbani kwake, chumba chenye kitanda cha kamba na dirisha linalotazama zizi. Mama mdogo alikuwa mkunga. Hakwenda shule ya ukunga wala hospitali ya misheni kujifunza. Alifundishwa na bibi yake. Alitembea na mfuko wa kitambaa wenye wembe, uzi, na kipande cha sabuni ya mche. Nusu ya watoto niliokuwa nikiwafundisha darasa la kwanza walitua kwanza mikononi mwake. Alipopita njiani waliacha mchezo wakamwamkia, na yeye akawaitikia marahaba moja moja, kila mtoto na yake, kama anagawa karanga.

Mume wake alikuwa balozi wa nyumba kumi. Nyumba kumi si mkoa, lakini baba mdogo alizibeba kama mtu aliyekabidhiwa mkoa. Alivaa soksi ndefu mpaka magotini katika joto la Oktoba. Mfuko wa shati lake ulikuwa na kalamu mbili, moja haiandiki. Alikuwa na redio ya betri, na taarifa ya habari ilipoanza aliinua kidole ili tunyamaze, halafu ilipokwisha alituambia yale yale tuliyoyasikia. Siku ya wanawake alisimama mbele ya ofisi ya kijiji akahutubia kuhusu haki sawa kwa dakika arobaini. Mama mdogo hakuisikia hotuba hiyo. Alikuwa jikoni, anapika chakula cha wageni waliokuja kuisikiliza.

Lazima niseme habari za ng'ombe wenyewe, maana bila hao hakuna jambo.

Miaka tisa kabla sijafika pale, mama mdogo aliitwa kwa mfugaji mmoja ambaye mke wake alishikwa na uchungu siku mbili. Walikuwa mapacha, na wa pili alitanguliza miguu. Aliwatoa wote wawili wakiwa hai na mama yao akiwa hai. Mfugaji yule alimtoa zizini mtamba mweupe mwenye madoa mekundu shingoni, akamkabidhi kamba mbele ya ndugu zake, akasema, "Huyu ni wa mikono yako, mayu. Si wa mtu mwingine." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na humwita hivyo mwanamke wanayemheshimu. Mtamba yule alizaa, na watoto wake wakazaa. Nilipofika, ukoo mzima wa yule mweupe ulikuwa ng'ombe saba, wote wakiwa na wekundu ule ule shingoni, kama familia yenye pua moja.

Ukoo wa baba mdogo nao ulikuwa na ng'ombe wake. Wazee wake walihama nao kutoka upande wa Shinyanga, na kama koo nyingi za wafugaji walikuwa na mkato wao: pembetatu ndogo kwenye ncha ya sikio la kushoto. Ng'ombe akipotea porini, ukiona pembetatu ile unajua umpeleke kwa nani. Mkato hurithiwa na mtoto wa kiume. Mwanamke hana mkato. Akiwa kwa baba yake, ng'ombe aliowaona tangu utoto wana mkato wa baba; akiolewa, anakamua wenye mkato wa mume. Basi mama mdogo alipoletewa mtamba wake hakuwa na mkato wa kumkata, na hakutaka kuazima wa mtu. Alimwacha na masikio mazima. Kila aliyezaliwa baadaye naye akaachwa hivyo. Bila kuandika chochote, bila kikao wala azimio, kijiji kizima kikajua kwamba ng'ombe mwenye masikio mazima ni wa mkunga.

Niliyapenda masikio yale. Jioni walipokuwa wakirudi malishoni, jua liliyapenya kutoka nyuma na mishipa ikaonekana, kama ya jani lililoinuliwa mbele ya mwanga. Katikati ya kundi lenye masikio yaliyopasuliwa, masikio ya wale saba yalikuwa mapana na matulivu. Sikuwa bado nimefikiri kwamba kitu kisichokatwa kinaweza kumkera mtu.

Ilikuwa miaka ile wizi wa ng'ombe ulipozidi, na wanaume wa vijiji wakajikusanya na pinde na filimbi kuwasaka wezi. Sungusungu walikuwa ndio kwanza wanaanza upande wetu, na watu waliwaogopa kuliko walivyowaogopa wezi. Baba mdogo alirudi kutoka mkutano wa kata akiwa na uso wa kazi. Akatuambia kwamba limetoka agizo: ng'ombe yeyote asiye na alama ya ukoo atahesabiwa kuwa wa wizi, atachukuliwa, na mwenye kumficha atakiona. Alilisema kwa sauti ya taarifa ya habari. Kisha akamgeukia mkewe kwa upole ambao sikuwa nimewahi kuuona, akasema yeye ana mkato, mkato wa heshima, na yuko tayari kuwapa hifadhi ng'ombe wake.

Mwezi mmoja baadaye mwalimu mwenzangu aliyehudhuria mkutano ule aliniambia kilichosemwa hasa. Walisema kila mtu awafahamishe majirani ng'ombe wake ni wepi. Hakuna aliyetaja masikio.

Lakini hilo lilikuwa la baadaye. Mama mdogo alifikiri siku tatu. Siku ya tatu alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wewe umesoma. Wakikatwa mkato wake, watakuwa wa nani?"

Nilikuwa na kijitabu cha sheria ya ndoa, ile ya mwaka wa sabini na moja, nilichotoka nacho chuoni. Nilikuwa nimekipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Nikamsomea mahali panaposema kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki ile ile aliyo nayo mwanamume ya kupata mali, kuwa nayo, na kuitoa apendavyo. Nilisoma vizuri, kwa vituo. Kisha nikafunga kijitabu na kumwambia, "Ni alama tu, mama. Mali ni yako. Sheria inajua."

Sheria inajua. Nimeandika kurasa nyingi tangu siku ile, na nyingine zimesifiwa na watu wanaojua kusifu, lakini sijaandika sentensi ya kijinga kuliko hiyo.

Basi ndiyo asubuhi ya kisu. Nilitoka nje nikamkuta baba mdogo amekunja mikono ya shati, soksi zake zikiwa magotini kama kawaida, na mama mdogo ameshika kichwa cha yule ng'ombe mweupe, mkubwa wa wote. Amemkumbatia shingo, shavu lake juu ya doa jekundu, anamnong'oneza Kisukuma kama anavyowanong'oneza wanawake wanaozaa. Mimi nilipewa bakuli la majivu ya kupaka kwenye vidonda. Sikuuliza. Nilishika bakuli. Baba mdogo alikata upesi na kwa ustadi, nami nikapaka, na damu ilikuwa kidogo tu, kidogo mno kwa jambo kubwa namna ile. Alipomaliza wa saba alifuta kisu kwenye nyasi, akawatazama wote waliojipanga wakitikisa vichwa, akasema sasa wamependeza.

Kama majuma mawili baadaye mmoja wa wale saba alizaa ndama jike, mweupe, mwenye doa shingoni. Kwa kuwa agizo lilikuwa limeshafanya kazi yake, hakuna aliyemkumbuka.

Habari ya mke wa pili mama mdogo aliipata kisimani. Wanawake waliokuwa wanachota maji walinyamaza alipofika, akawauliza nani amekufa. Mmoja wao akamwambia hajafa mtu, ila mumeo anaoa kijiji cha tatu kutoka hapa, mahari imekubaliwa, ng'ombe saba, na watapelekwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Mama mdogo alijaza ndoo yake. Alisema aliijaza mpaka juu kwa makusudi, ili njiani awe na kitu cha kuangalia kisimwagike.

Sababu ya baba mdogo ilikuwa kwamba mama mdogo alimzalia mabinti watatu na hakuna mvulana. Mabinti wote walikuwa wameshaolewa, na mahari zao alizipokea yeye mpaka kwato ya mwisho. Zizi lake lilijaa kwa sababu ya mabinti aliokuwa akiwalalamikia. Angeweza kuoa kwa ng'ombe hao. Lakini wale walikuwa wa ukoo, ndugu zake wangeuliza. Wale saba hakuna ambaye angeuliza.

Jioni ile mama mdogo alimwekea chakula, akangoja amalize, akamuuliza kama ni kweli. Nilikuwa barazani nasahihisha madaftari. Baba mdogo hakukana; kukana kungempa mkewe heshima ya kuonekana anaogopwa. Alisema kila mwanamume ana haki ya kutafuta mrithi. Mama mdogo akasema atafute, yeye hamzuii, ila atafute kwa ng'ombe wake mwenyewe. Baba mdogo akanyoosha kidole kuelekea zizini, kidole kile kile alichokuwa akikinyanyua taarifa ya habari ilipoanza.

"Nenda kaangalie masikio, mama watoto," alisema. "Halafu urudi uniambie ni wa nani."

Ningependa kuandika kwamba alipiga kelele, au alitupa sahani. Alikusanya vyombo. Asubuhi alivaa kitenge chake cha sikukuu, akanijia, akaniomba niende naye mahakamani na kijitabu changu.

Hapo tukakutana na jambo ambalo hata sasa nikilisimulia mjini watu hudhani nimelitunga. Mahakama ya mwanzo haikupokea shauri la mwanakijiji bila barua ya balozi wake wa nyumba kumi. Balozi wake alikuwa mumewe. Mama mdogo akaenda, akasimama mbele ya meza ileile aliyoifuta kila siku, akaomba barua ya kwenda kumshitaki balozi. Naye baba mdogo, Mungu anisamehe kwa kucheka, alifurahi. Alivaa miwani. Alichukua kalamu inayoandika. Aliandika kwa mwandiko wa mviringo kwamba mleta barua hii ni mke wangu halali, ana tatizo la ng'ombe, naomba asikilizwe kwa mujibu wa taratibu, nakala kwa katibu kata. Akagonga muhuri. Akamwambia mkewe awasalimie huko. Hakuwa anajifanya. Alikuwa na hakika kabisa kwamba dunia yote, kuanzia meza yake mpaka mahali pasipofikika, imejengwa kumpa haki yeye.

Mahakama yenyewe siitaji ilikuwa wapi. Lilikuwa jengo la matofali mabichi lenye bati, na mbele yake ua wenye minyaa pande tatu. Hakimu alikuwa kijana, mtu wa mjini, mwenye Kiswahili cha kuteleza na tabasamu la kumtuliza kila mtu. Walikaa naye wazee wawili washauri, kama ilivyokuwa desturi ya mahakama hizo, na kura yao kila mmoja ilikuwa sawa na kura yake. Mzee wa kwanza alikuwa mrefu na mwenye fimbo. Ndiye aliyesema karibu yote. Wa pili alikuwa mnene, alilala, na kila alipoamka alikubaliana na mwenye fimbo.

Mama mdogo alieleza. Alieleza mapacha, miguu iliyotangulia, kamba aliyokabidhiwa mbele ya watu. Hakimu akauliza kama mtoaji anaweza kuitwa. Hakuweza. Alikuwa amehama na familia na mifugo yake kuelekea Rukwa, kama walivyohama wengi, na hakuna aliyejua amefika wapi. Nikasimama na kijitabu changu. Nikasoma. Mzee mwenye fimbo alinisikiliza kwa adabu yote mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimeolewa. Nikasema bado. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa hajapata nafuu.

Akamgeukia mama mdogo.

"Mayu, wewe ulikuja kwa mumeo kwa ng'ombe kumi na wawili. Mimi nilikuwepo. Sasa nieleze, maana mimi sikusoma: kitu kilichonunuliwa kwa ng'ombe kinawezaje kuwa na ng'ombe?"

Watu walicheka. Walikuwa wamejaa madirishani, na walicheka vizuri, kicheko cha watu walioshiba. Hakimu alitabasamu huku akiangalia kalamu yake. Mama mdogo alingoja kicheko kiishe.

"Mzee, wajukuu zako wawili nimewapokea mimi, na mmoja alikuwa na kitovu shingoni. Siku ile uliniita mwanangu. Hukuniita kitu."

Mzee alisogeza fimbo yake kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Nilidhani tumeshinda. Nilikuwa na umri ambao mtu huamini kwamba jibu zuri ni nusu ya hukumu.

Mzee aliomba mahakama iende kuwaona ng'ombe. Walikuwa wameletwa na kufungwa uani karibu na minyaa, wote saba, na ndama akiwa na mama yake. Tukatoka sote, hakimu akikanyaga kwa uangalifu asichafue viatu. Mzee mwenye fimbo alipita kwa ng'ombe mmoja mmoja, akainua sikio la kushoto kwa vidole viwili, akalionyesha kwa mwenzake, akaliachia. Sikio, sikio, sikio. Mzee mnene alikubali kila mara. Walipofika kwa yule mweupe mkubwa, mama mdogo alisogea.

"Huyu ana miaka zaidi ya tisa," alisema. "Kidonda cha sikio lake hakijapona. Mkato wa ukoo ulikuwa wapi miaka yote hiyo?"

Hilo hata mtoto wa darasa la kwanza angelielewa. Ukingo wa mkato ulikuwa bado mwekundu, na ngozi ya pembeni bado ina rangi ya majivu niliyoyapaka mimi. Mzee aliinama akautazama kwa makini, akaugusa kidogo. Ng'ombe akatikisa kichwa.

"Ni kibichi kweli," alisema. "Lakini ni cha nani?"

Baba mdogo, aliyekuwa amesimama na wanaume wenzake, alisema kwa unyenyekevu kwamba ni chake, na kwamba mkewe mwenyewe alishika vichwa wakati wa kukata. Mzee akamuuliza mama mdogo kama ni kweli alishika vichwa. Akasema ni kweli. Akamuuliza kama alilazimishwa. Alinitazama mimi, mara moja tu, bila lawama yoyote, na ingekuwa afadhali angenilaumu. Akasema hapana.

Nimewahi kuona watu wakiiba. Huko Geita, nilikohamia baadaye, nimewaona wachimbaji wakinyang'anyana kifuko cha mchanga kwa sululu, na angalau mwenye kunyang'anya anajua anachofanya na anakimbia. Hawa hawakukimbia. Walirudi ndani, wakakaa, wakafuta jasho, wakauita wizi wao desturi, na walipoondoka walisalimiana na kila mtu. Hakimu alisema kwamba maoni yake yeye ni kuwa mali ni ya mama, kwa mujibu wa sheria. Alilisema waziwazi na likaandikwa. Washauri wote wawili wakasema ni ya baba. Wawili kwa mmoja. Sijui kama alikuwa na njia nyingine ya kufanya. Ninachojua ni kwamba hakuitafuta. Aliinuka akiwa ameridhika, kama mtu aliyetoa sadaka. Pale mlangoni alinishika mkono akasema, "Sheria ni nzuri sana, Mwalimu. Endelea kuwafundisha." Kisha akaenda kula.

Lakini kabla hajafunga jalada, mzee mwenye fimbo aliomba kusema jambo la mwisho. Nadhani wajukuu walikuwa wamemkaa kooni. Alisema wao si watu wabaya. Wamemwona yule ndama, na ndama hana alama ya mtu. Basi, kwa kuwa hana alama, huyo apewe mama, awe faraja yake. Mzee mnene aliamka akakubali. Baba mdogo akacheka, akasema hana kinyongo, ndama ni ndama. Ikaandikwa katika hukumu: ndama jike mmoja, mweupe, asiye na alama masikioni, ni mali ya mdai. Mama mdogo aliniomba nimsomee maneno hayo mara mbili. Aliomba nakala. Karani alishangaa mwanamke asiyejua kusoma anataka nakala ya nini, lakini akaandika, akagonga muhuri. Nilimwambia kuna rufaa, kuna mahakama ya wilaya. Akaniuliza Jumamosi ni lini. Ilikuwa kesho kutwa.

Jumamosi wale saba waliondoka asubuhi, vijana wawili nyuma yao na baba mdogo mbele. Alikuwa amevaa koti. Yule mweupe mkubwa aligeuka mara mbili kumtafuta ndama wa binti yake, wakampiga fimbo. Mama mdogo alikaa jikoni na ndama, amemfunga kwenye mguu wa meza, anamlisha uji wa mtama kwa mkono kwa sababu mama wa ndama ameshatolewa mahari. Wifi yake, dada wa baba mdogo, alisimama mlangoni akamwambia jikoni si zizi. Akamjibu kwamba ndiyo hivyo, zizi ni la wenye masikio yaliyokatwa.

Mwisho wa mwaka nilihamishiwa Geita. Mama mdogo alikuja nami. Hakutangaza, hakudai talaka, hakuchukua sufuria. Alichukua mfuko wake wa wembe na uzi, nakala ya hukumu aliyoikunja ndani ya khanga, na ndama, ambaye tulimpandisha kwenye lori la pamba hadi Runzewe na kutoka hapo kwenye lori la mbao, dereva akilalamika njia nzima. Tulipanga vyumba viwili Kalangalala, na uani mwenye nyumba akaturuhusu kujenga banda. Ukunga haukosi kazi mahali palipo na wachimbaji. Waume wakishuka shimoni wakitafuta dhahabu, wake zao walimtafuta yeye, na wengi walimlipa kabla waume hawajapata hata vumbi la dhahabu. Ndama akawa mtamba, mtamba akapandwa, akazaa. Kila asubuhi watu walipanga foleni mlangoni kwetu na vikombe vya bati kwa ajili ya maziwa.

Habari za maziwa zilisafiri. Mwaka wa pili, mchana mmoja wa likizo, mtu alibisha hodi, nami nikafungua. Soksi zilikuwa zile zile. Nilimwamkia shikamoo kwa kuwa mdomo ulishazoea, akaitikia marahaba na kuingia kabla sijamkaribisha.

Mama mdogo alimpokea kama mgeni. Alimpa kiti, maji ya kunawa, ugali na maziwa ya mgando. Baba mdogo alikula huku akiangalia uani kupitia mlango wa nyuma, ambapo ng'ombe wetu alikuwa amesimama na mwanawe, masikio yote manne yakipepea nzi. Alitoa habari za nyumbani. Mke mdogo ana ulimi mrefu. Mvua haikutosha. Kazi ya ubalozi inamchosha, watu siku hizi hawana shukrani. Alivua miwani, akaifuta, akasema yeye si mtu wa kuweka mambo moyoni na mkewe anaweza kurudi nyumbani. Kisha akatoa ndani ya koti kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka mezani karibu na sahani. Gazeti lilifunguka lenyewe kidogo, nami nikaona ukingo wa kisu.

"Na hao tuwatie alama kabisa," alisema. "Mji kama huu una wezi wengi. Nafikiria usalama wao."

Nilimtazama mtu huyu aliyesafiri kwa malori mawili na kisu kifuani, kilichonolewa, hana shaka kwamba atashikiwa vichwa tena. Nimejaribu mara nyingi katika vitabu vyangu kumwandika mtu mbaya, na kila mara namfanya mwerevu mno. Ningepaswa kumkumbuka yeye, na maziwa ya mgando kwenye sharubu zake.

Mama mdogo aliingia chumbani. Akarudi na khanga iliyokunjwa, akaifungua polepole juu ya meza, akatoa karatasi yenye muhuri, akanipa nisome. Nilisoma kwa sauti: ndama jike mmoja, mweupe, asiye na alama masikioni.

"Umesikia, baba watoto," alisema. "Wazee wako ndio walioamua. Asiye na alama ni wangu. Unataka nivunje hukumu ya mahakama, na wewe ni balozi?"

Alinitazama mimi, akatazama karatasi, akatazama uani. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukuta sheria iliyoandikwa na watu wake ikiwa imekaa upande wa pili wa meza. Mama mdogo alikifunga kisu katika gazeti lake vizuri, akakunja ncha kama anavyokunja kitovu, akamrudishia. Akamuuliza kama ameshiba. Akasema ameshiba. Akamwambia lori la kwenda Runzewe huondoka saa tisa, asichelewe.

Alimsindikiza mpaka kizingitini, kama adabu inavyotaka, akangoja mguu wa pili utoke, akafunga mlango.